Mbwa wa Baba Mdogo

Mshauri,

Msaada ninaoomba si wa kufutwa machozi, maana sijalia na sina mpango wa kulia, na wa kunihurumia ninao tele nyumbani na kazini, tatizo lao ni kwamba kila anayenihurumia anamalizia kwa kuniambia ninyamaze, kwa hiyo naomba unisome mpaka mwisho kisha uniambie lolote ulilo nalo, hata likiwa chungu, lakini usiniambie ninyamaze.

Mimi ni mwalimu wa udereva, mwanamke, na ndiyo, wanafunzi wa kiume hushtuka wakiniona nafungua mlango wa kiti cha mwalimu, kisha wanazoea na kuanza kuniita mama hata wale walionizidi umri. Nilikuwa nafundisha katika mji mdogo wenye taa za kuongozea magari mahali pamoja tu, na zikiharibika tulikuwa tunawaambia wanafunzi wajifanye zinawaka, mpaka mama mdogo wangu, mdogo wake mama wa tumbo moja, aliponipigia simu akasema mumewe ana shule ya udereva huku jijini na amepungukiwa na mwalimu, chumba kipo, godoro jipya limeshatandikwa, njoo. Nikaja. Huyo mumewe namwita baba mdogo, shuleni wote wanamwita Mkuu, na kabla sijamsema kwa mabaya niseme haki yake: alinipokea stendi mwenyewe, akabeba begi langu kubwa mpaka nyumbani, na hajawahi kunikunjia uso mezani.

Sasa, ili unielewe, lazima nikueleze kuhusu gari la kufundishia, maana kila kitu kimeanzia hapo. Gari letu lina breki mbili za mguu, moja ya anayeendesha na nyingine upande wa mwalimu anayekaa kando yake, na zimeunganishwa, mwalimu akikanyaga yake ile ya dereva nayo inazama. Hiyo breki ya pili ndiyo inayotuwezesha walimu kurudi nyumbani jioni tukiwa wazima. Ukiwa kiti cha mbele huwezi kuona mguu wa mwenzako bila kuinama, lakini aliyekaa nyuma katikati anaiona miguu yote miwili vizuri kabisa.

Pale shuleni kuna desturi ambayo sikuiona kokote nilikofundisha, wanaiita kuamshwa. Mwanafunzi akikaribia kumaliza mafunzo, siku ambayo hana habari, akiwa anaendesha vizuri na ameanza kupiga soga, Mkuu anakanyaga breki ya mwalimu kwa mguu mzima na kupaza sauti, "Simama!" Gari linasimama papo hapo, mwanafunzi roho inamtoka inamrudia, walimu wanapiga makofi, basi ameamshwa, yuko tayari kwa barabara. Hufanyika kwenye uwanja wa mazoezi nyuma ya shule, uwanja mtupu wenye matairi yaliyopakwa chokaa, na huko sina ugomvi nayo sana, ingawa mimi mtu wangu simfanyii hivyo. Walimu wapya nao huamshwa. Hilo sikuwa nimeambiwa.

Ijumaa ile wakasema mgeni lazima aonyeshwe jiji, tukatoka kwa gari la shule, baba mdogo, mimi, karani wa shule, na mwalimu mwenzangu mmoja ambaye wanamwita Taratibu kwa jinsi anavyoendesha, yaani huyo hata akipishana na baiskeli anaomba samahani. Tulikula, tukasikiliza bendi, karani akanivuta tukacheza mpaka viatu vikatubana tukavivua, nilifurahi, sikufichi, nilifurahi kama mtu aliyefika. Na usije ukasema ni pombe, maana wote mnaosikia habari hii mnakimbilia pombe. Taratibu hanywi kwa sababu ni Taratibu, na baba mdogo ana kisukari, alikunywa maji ya chupa tangu tulipokaa mpaka tulipoondoka. Alikuwa amelewa sifa tu, mwenye shule, mwenye gari, mwenye mgeni.

Tukawa tunarudi, Taratibu kwenye usukani, baba mdogo kando yake kwenye kiti cha mwalimu, mimi nyuma katikati na karani ameegemea dirisha anaandika ujumbe kwenye simu. Barabara pana, maduka yana taa, baba mdogo ananionyesha jengo hili na jengo lile kama yeye ndiye aliyeyajenga, halafu akageuka nyuma akanitazama, akacheka, akasema, "Lakini huyu mwalimu wetu bado hajaamshwa!" Nikaona kiatu chake, kile cheusi cha kung'aa anachokipiga rangi kila asubuhi kwenye ngazi, kinanyanyuka na kushuka. "Simama!" Gari likasimama katikati ya barabara yenye magari. Mimi kichwa kilienda mbele kikagonga kiti cha Taratibu. Karani alikuwa ameshaanza kupiga makofi, Mshauri, nasema kweli, mikono yake ilikuwa hewani, ndipo tukasikia kishindo nyuma.

Alikuwa fundi wa friji na pikipiki yake, anatoka kazini. Spana zake zilitawanyika mpaka upande wa pili wa barabara na mtungi wake mdogo wa gesi ukawa unabingirika peke yake kwenye lami. Nilishuka bila viatu. Mguu wake ulikuwa umelala vibaya, sitaki kuueleza, nikakaa chini nikamshika kichwa asikigeuzegeuze, na yule mtu hakupiga kelele wala hakutukana, alinitazama tu, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama jirani anayeuliza mbona leo umechelewa: "Mbona mlisimama?"

Nilimwambia tulia, msaada unakuja. Nilipoinua uso, trafiki alikuwa ameshafika na baba mdogo ameshika kiuno anaeleza. "Mbwa," nikamsikia. "Mbwa kakatiza, dereva wangu kashika breki, na huyu bwana alikuwa ametuganda nyuma." Trafiki akamgeukia Taratibu, Taratibu akatazama usukani, akatikisa kichwa kukubali. Karani, ambaye hata mbele ya gari hakuwa anapaona, akasema, "Ndiyo, mbwa." Mimi hakuna aliyeniuliza kwa sababu nilikuwa chini na yule majeruhi, na wakati wa kumpakia kwenye gari la wagonjwa trafiki akasema tu kwamba wote tuliokuwemo tutaitwa kituoni kutoa maelezo. Siku yangu ni Jumatatu ijayo.

Tangu usiku ule, Mshauri, yule mbwa anakua. Asubuhi yake alikuwa mbwa tu. Mchana alikuwa wa kahawia. Jioni mama mdogo, ambaye anaamini kila neno la mumewe, aliweka bakuli mezani akauliza, "Maskini, na mbwa mwenyewe hakuumia?" na baba mdogo, kijiko kiko mkononi, akajibu bila kupepesa, "Alikimbia, ila anachechemea kidogo." Mama mdogo akasikitika! Alimsikitikia mbwa ambaye hajazaliwa. Majirani sasa wanamjua. Karani anasema alikuwa na mkia uliokatika. Nikichelewa zaidi watampa jina na kumtafutia mwenyewe.

Jumanne baba mdogo aliniita darasani, akafunga mlango. Tuna meza kubwa iliyochorwa barabara, yenye vigari vya kuchezea, tunafundishia sheria. Akachukua kigari chekundu, "Hawa ni sisi," akachukua kingine kidogo akakiweka nyuma, "huyu ni yule fundi," akasema, "Sasa wewe mwalimu niambie, aliyegonga kwa nyuma ana kosa au hana? Si ndivyo unavyofundisha? Tumemsingizia nini?" Nikamwambia, "Baba, na mbwa yuko wapi hapo?" Akatafuta mezani, hakuna cha kufanana na mbwa, akachukua kifutio cha ubao akakiweka katikati ya barabara. Nikakitazama kile kifutio. Nikakichukua, nikaenda nacho ubaoni nikafuta ubao, taratibu, wote, mpaka ukawa mweusi tii, nikakirudisha mahali pake na kumwambia, "Shikamoo baba, mimi Jumatatu nitasema mguu wako ulipokuwa."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikaa kwenye dawati la wanafunzi, magoti yamembana, akasema kibali cha shule kitafutwa, walimu watakosa kazi, Taratibu atanyang'anywa leseni, na mama mdogo wako, yule aliyekununulia godoro, utamwambia nini? Siku hiyohiyo mama yangu mzazi akapiga simu, tayari ameshaelezwa habari za mbwa, akaniambia nisije nikamwaibisha kwa mdogo wake, kula nakula kwao, kulala nalala kwao. Kazini sipewi wanafunzi tena, nimepewa ndoo na kitambaa nioshe magari. Karani nikimsalimu anatafuta kitu kwenye droo. Taratibu peke yake ndiye aliyenifuata bombani, akaangalia huku na huku, akaninong'oneza, "Nilisikia breki inazama chini ya mguu wangu, na mguu wangu haukuikanyaga," kisha akajaza ndoo yake akaondoka. Na yule fundi, nasikia atashtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu, mguu ukiwa umening'inizwa.

Kwa hiyo usidhani nakuuliza niseme au nisiseme. Nitasema. Mimi si kifutio, siwekwi barabarani kujaza nafasi ya mbwa. Ninachokuuliza ni hiki: mtu anawezaje kumtaja baba yake mdogo kituoni mchana na jioni akakaa mezani pake? Nihame kwanza ndipo niseme, au niseme ndipo nihame? Na mama mdogo ataelewa lini, maana nimejaribu kumwambia na kila nikifungua mdomo ananiambia maskini yule mbwa? Mama mdogo anakusoma sana, Mshauri. Kila Jumamosi asubuhi anasoma ukurasa wako kwa sauti jikoni, sisi wengine tunakunywa chai, na anawagombeza wanaokuandikia kama vile wamesimama mlangoni.

Jina nimeliacha.

Ni mimi niliyekaa nyuma katikati.

*

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ndiyo kazi inayonilisha, mara ya pili kwa sababu ya kile kifutio. Nimeandika ukurasa huu muda mrefu na nimepokea barua za watu waliodanganywa kwa njia nyingi, lakini mbwa anayeongezewa mkia kila mlo ndiyo kwanza nakutana naye. Pole. Kichwa kilichogonga kiti kimetazamwa na daktari? Wewe umeandika kurasa nzima kuhusu wengine na hilo umelipita kama tone la mvua. Katazamwe.

Nimeshakupa pole, sasa tuje kwenye kukugombeza, maana umenikataza kukwambia unyamaze lakini hukunikataza hilo. Unasema umeshaamua na hutaki kuulizwa. Kama umeshaamua, kwa nini unangoja Jumatatu? Kituo cha polisi hakifungwi, mama. Hakuna sheria inayosema shahidi akae nyumbani aoshe magari mpaka aitwe. Kila siku unayongoja, yule mbwa anaota nywele, na siku utakayofika utamkuta ameshaandikwa mara tatu kwa mwandiko tofauti na wewe ndiye utakayeonekana mzushi. Ningetaka kukuvisha kilemba cha ukoka ningesema shujaa ndiye huyu. Lakini kufuta ubao mbele ya baba mdogo, mlango umefungwa, ni tambo. Ushahidi hutolewa penye karani wa polisi na kalamu.

La pili limeniudhi zaidi. Umeniandikia habari za kiatu kinachong'aa, habari za ndoo, habari za bendi na viatu vilivyobana, vizuri, naona jicho lako halilali. Lakini yule fundi umemwacha pale ulipomwacha, kwenye lami. Hujamwendea. Mtu mmoja tu katika kisa hiki amekuuliza swali la haki, amekuuliza akiwa amelala na mguu umevunjika, na wewe ukampa jibu la kumtuliza mtoto, kisha jibu lenyewe ukaja kunipa mimi ambaye sikuuliza na sina hata baiskeli. Mimi mtihani wa udereva nilianguka mbele ya watu wengi, lakini najua hili: anayeulizwa ndiye anayejibu. Nenda wodini. Usiende na hotuba. Vuta kiti, kaa, mwambie kwa nini mlisimama. Akikufokea, kaa. Akilia, kaa. Baada ya hapo utaona hata polisi si kitu cha kutisha.

Na ukiwa huko kituoni usimtetee yule fundi kupita kiasi, ukaharibu. Kama alikuwa karibu mno na gari lenu, sema alikuwa karibu, wewe ni mwalimu na jicho lako la nyuma linajua. Baba yako mdogo hajakosea kwenye meza yenu ya vigari, anayefuata anatakiwa kuacha nafasi. Alikosea pale alipotaka sheria iamue juu ya kifutio. Wape wanaoamua kila kilichokuwepo, umbali, kiatu, kelele, makofi ya karani, wagawe lawama wenyewe. Wewe usigawe. Kazi yako ni kusema ulichoona ukiwa nyuma katikati, si neno zaidi, si neno pungufu.

Taratibu nimemwelewa na nimemkasirikia. Mtu aliyesikia breki ikizama chini ya mguu wake halafu anaishi kwa kunong'ona bombani! Huyo ndiye atakayebebeshwa mzigo wote mambo yakigeuka, kwa sababu usukani ulikuwa mkononi mwake, na nina hakika hilo hajaambiwa na Mkuu wake. Mwambie. Mwambie kwamba mbwa hamlindi yeye, mbwa anamlinda mwenye kiatu. Mwite muende pamoja, umpe siku moja ya kufikiri, isizidi. Akija, heri, mtakuwa wawili. Asipokuja, wewe nenda, na usimseme vibaya, sema tu alikwambia nini na wapi, aje aitwe ajieleze. Karani mwache. Anayeona mbwa kupitia simu yake mwenyewe ataulizwa mbwa alikuwa wa urefu gani, na hapo atajua alichojiingiza.

Kuhusu kibali cha shule na kazi za watu: hayo angeyafikiria mwenye mguu kabla ya kuunyanyua. Usikubali kuyabeba wewe. Nawajua watu wa namna hii, wanavunja wao, na wewe unayesema kimevunjika ndiye unayeitwa mvunjaji. Mnapoketi wanasema unaibomoa familia, kana kwamba familia ilijengwa kwa mbwa. Kataa. Kataa kwa heshima, na shikamoo yako usiiache, lakini kataa.

Umeniuliza uhame kwanza au useme kwanza. Sema kwanza. Ukihama kwanza watasema una chuki, umefukuzwa, umekuja kulipiza. Toa maelezo ukiwa bado mtu wa nyumba ile, kisha rudi mezani kama kawaida, osha mikono, kaa mahali pako. Atakayeshindwa kukutazama ni juu yake. Usijifukuze. Lakini usijifanye jiwe pia: wiki hii hii tafuta chumba, hata cha kushirikiana na mtu, kiwepo tu, kwa sababu ukiambiwa uondoke usiku sitaki ulale stendi na begi lako kubwa. Na chukua leseni yako na vyeti vyako vya ualimu, viondoe kwenye ofisi ya shule leo kama viko huko. Shule za udereva jijini ni nyingi na wasiojua kuendesha tuko wengi zaidi. Mwalimu anayesubiri mpaka gari lisimame salama hakosi mwanafunzi.

Imebaki ile ya mwisho, uliyoipitisha kijanja chini chini ukadhani sitaiona. Unanieleza kwamba mama yako mdogo hunisoma kwa sauti kila Jumamosi. Mwalimu, mimi nimezeeka lakini si kipofu. Hukuniandikia mimi, umemwandikia yeye, umetaka mimi niwe tarishi wa kupeleka maneno kutoka chumbani kwako mpaka jikoni kwenu. Na kuficha jina hakukusaidii kitu, gari lenye breki mbili, mkuu mwenye kiatu cheusi, mwalimu wa kike aliyetoka mji mdogo, hata jirani wa nne atakujua kabla hajamaliza aya ya tatu. Ndiyo maana jana nilikupigia kwa namba uliyoiandika nyuma ya bahasha. Nilikwambia mambo mawili. Kwamba uende kituoni kabla gazeti halijatoka, ili asiseme mtu kwamba ulisema gazetini kwanza ukakumbuka polisi baadaye. Na kwamba mama yako mdogo umwambie wewe mwenyewe, uso kwa uso, usimwachie wino. Nikakuuliza kama niichapishe barua yako au ningoje. Hukufikiri hata kidogo. Ulisema, "Chapisha." Nikakwambia wazi kwamba nyumbani kutawaka moto. Ukasema, "Tayari unawaka, mimi nawaonyesha moshi tu." Basi nimechapisha, na mdomo wako huo mkali uulinde, utakufaa huko mbele.

Nenda. Ukimaliza kituoni pita wodini, ukitoka wodini nenda nyumbani ukale.

Na wewe mama, unayesoma haya kwa sauti huku chai inapoa. Kama binti wa dada yako ameshakwambia, gazeti limechelewa, na nimefurahi kuchelewa, mwongezee chai muendelee na siku yenu. Kama hajakwambia, usimgombeze, alijaribu, wewe ulikuwa unamhurumia asiyekuwepo. Weka gazeti chini. Mtazame mumeo hapo alipokaa, umuulize kwa utulivu kile ambacho yule fundi wa friji aliuliza akiwa amelala barabarani: Mbona mlisimama? Kisha ngoja, usimsaidie kujibu. Mbwa hakuwepo.